Magurudumu Mapana katika Bahari ya Mchanga

Msomaji, bila shaka umepata kuona pikapu iliyovishwa mipira mikubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, na watu wakiikodolea macho barabarani. Lakini kabla hujausifu ukubwa wa mpira, yafaa ujue habari za watu ambao maisha yao yaliutegemea, nao hawakuutaka kwa fahari.

Magharibi ya mto Naili, mpakani mwa Misri na Libya, liko jangwa liitwalo Bahari Kuu ya Mchanga. Vilima vyake vingine hufika kimo cha mita 100. Wageni wengi waliamini kwamba motokaa haiwezi kupita humo. Katika miaka ya 1920 afisa wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, alianza kusafiri jangwani pamoja na rafiki zake kwa magari ya Ford, na kufikia mwaka wa 1932 walikuwa wamekwisha kuivuka bahari hiyo.

Siri yao ilikuwa nini? Mpira ulioshiba upepo hugusa ardhi mahali padogo, kwa hiyo huzama mchangani. Ukipunguzwa upepo hutandazika, na uzito ule ule hugawanyika mahali papana. Ngamia ana hekima hii tangu kale, kwa maana wayo wake ni mpana na laini. Basi nguvu ya mpira mpana haimo katika ukubwa wake tu, bali katika ulaini wake.

Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia vitani, na majeshi yake yalikuwa Libya. Jemadari Wavell alimpa Bagnold majuma sita aunde kikosi cha kupeleleza nyuma ya adui. Watu wa kwanza walikuwa askari wa kujitolea kutoka New Zealand. Walichagua malori ya Chevrolet ya tani moja na nusu, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwa sababu yalikuwa mepesi na yalitumia petroli kidogo. Wakayavisha mipira mipana ya jangwani.

Lakini mpira mkubwa hauji peke yake. Ukizidi nafasi yake, husugua madigadi kila usukani unapokatwa au springi zinapobonyea. Ukiwa mrefu, injini hutaabika kuuzungusha, breki huchelewa kusimamisha gari, na saa ya mwendo huonyesha mwendo mdogo kuliko ulio wa kweli. Mtu akiinua bodi ili apate nafasi, gari huwa jepesi kupinduka.

Kikosi kile kilifanya hesabu ya kila kitu. Milango, paa na vioo vya mbele viliondolewa ili uzito upungue. Springi ziliongezwa nguvu kwa ajili ya mawe na shehena. Mvuke wa rejeta uliongozwa kwenye chombo cha maji upate kupoa na kurudi, maana tone moja halikupasa kupotea. Gari likizama, walitia mabamba ya chuma chini ya magurudumu. Na walipotoka mchangani kuingia nchi ngumu, ilipasa mipira ijazwe upepo tena, kwani mpira laini ukikimbizwa juu ya mawe hupata moto na kupasuka.

Matunda ya uangalifu huo yalionekana Tunisia. Huko adui alijificha nyuma ya ngome za Mareth, kati ya bahari na vilima vya Matmata. Mwezi wa Januari 1943 doria ya Kapteni Nick Wilder iligundua njia ya kupita vilima hivyo. Mwezi wa Machi jeshi kubwa likaizunguka Mareth kwa upande wa jangwa, na adui akalazimika kuziacha ngome zake. Hivyo magari machache mepesi yalisaidia kufungua mlango uliokuwa umefungwa.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bagnold alitaka kuvuka mchanga, akakubali kuacha starehe, kuchukua bomba mkononi, na kusimama mara kwa mara kupima upepo. Nawe, msomaji, siku utakapotamani kulivisha gari lako mipira mikubwa, usiulize kwanza watu watasema nini. Uliza: Gari hili litapita wapi, nami niko tayari kutoa nini ili lipite salama?