Risasi ya Milner na uwanja uliosahauliwa wa Creedmoor

Desemba 2023, Gavana wa jimbo la New York, Kathy Hochul, alitangaza mpango wa kujenga nyumba zaidi ya 2,800 kwenye sehemu ya eneo la hospitali ya magonjwa ya akili ya Creedmoor, mashariki mwa Queens. Wakazi wa mitaa ya jirani wakaja juu. Wamezoea nyumba za familia moja zenye kiuga mbele na gari pembeni, na lalamiko lao kubwa lilikuwa urefu wa majengo na wingi wa watu watakaohamia. Agosti ya mwaka huohuo palikuwa na zogo jingine papo hapo, baada ya kupigwa mahema ya kuwahifadhi wahamiaji wanaume wapatao 1,000.

Hoja zilikuwa nyingi, za maegesho, shule na mabomba ya majitaka. Historia ya ardhi yenyewe haikupewa nafasi kubwa, ingawa majina ya barabara za kando yanaitangaza kila siku: Winchester Boulevard, Musket Street, Pistol Street, Sabre Street, Range Street. Kabla ya kuwa hospitali, hapa ndipo Wamarekani walipojifunza kwamba kulenga shabaha ni mchezo wenye klabu, kanuni na hesabu ya pointi, na kwamba watu maelfu wanaweza kupanda treni kwenda kuutazama.

Walioanza ni Waingereza. Chama chao cha National Rifle Association kiliundwa mwaka 1859, na Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza kule Wimbledon kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye bunduki ya Whitworth, iliyokwisha kulengwa na kukazwa kwenye kiegemeo. Risasi ilitua karibu kabisa na kitovu cha shabaha, umbali wa yadi 400. Nani asingepata?

Marekani ilihitaji vita ili iamke. Maofisa waliotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 walikuwa wamewaona vijana wa mjini wakimimina risasi hewani bila kumgusa adui. Wawili kati yao, mwanasheria George Wingate na mhariri William Conant Church, walisajili chama chao, kwa jina lilelile la Waingereza, mjini New York mwezi Novemba 1871. Rais wa kwanza alikuwa Jenerali Ambrose Burnside, mtu ambaye ndevu zake za mashavuni zimekumbukwa kuliko ushindi wake vitani. Jimbo lilitoa dola 25,000, likanunuliwa shamba la ukoo wa Creed huko Long Island, tambarare tupu lenye majani na upepo, na uwanja ukafunguliwa Juni 1873.

Hapo pangeweza kubaki mahali pa kunolea askari wa akiba. Kilichopafanya pawe Creedmoor ni tangazo la gazetini.

Mwaka huo wa 1873 timu ya Ireland ilizibwaga England na Scotland kwenye ngao ya Elcho, shindano kubwa kuliko yote la masafa marefu. Meja Arthur Blennerhassett Leech, kiongozi wa walenga shabaha wa Ireland, alitafuta mpinzani mpya na kupeleka changamoto katika gazeti la New York Herald. Hakuiandikia klabu fulani. Aliwaandikia walenga shabaha wote wa Marekani. Waliojitokeza ni Amateur Rifle Club ya New York, klabu changa yenye wanachama wachache, ambao karibu wote hawakuwa wamewahi kulenga mbali kiasi hicho. Shindano lilitaka yadi 800, 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914: viwanja tisa vya mpira vikipangwa goli kwa goli.

Ujasiri wa namna hii ama ni upumbavu ama ni biashara, na biashara ilikuwepo. Kampuni za Remington na Sharps zilichangia fedha za dau na kuunda bunduki mpya kwa ajili ya siku hiyo. Bunduki zao zilijazwa kwa nyuma: mpigaji alisukuma risasi yenye ganda la shaba kwenye kitako cha mtutu, akafunga, akalenga, bila hata kuinuka alipolala. Waairishi walikuja na bunduki za Rigby za Dublin, ambazo zilishindiliwa kwa mbele, ukoo mmoja na gobore tunalolijua huku, isipokuwa hizi zilikuwa kazi ya fundi bingwa. Baruti ilipimwa, ikamiminwa kwa mrija mrefu ili isishike kuta za mtutu, risasi ikasukumwa taratibu kwa mdeki, fataki ikavikwa mwisho. Wataalamu wengi waliamini kwamba gobore bora litaishinda bunduki yoyote ya kujaza nyuma, na Waairishi walikuwa na fundi mwenyewe ndani ya timu, John Rigby.

Siku ikawa Septemba 26, 1874. Kila upande watu sita, kila mtu risasi 15 kwa kila umbali. Shabaha ilikuwa bamba kubwa la chuma, na katikati yake mraba mweusi wa futi tatu kila upande. Aliyegonga mraba huo alipata pointi nne, aliyetoka nje kidogo tatu, pembeni kabisa mbili. Pigo zuri lilisikika: risasi ilitoka, kimya kikapita, kisha mlio wa chuma ukarudi juu ya majani. Chini ya shabaha, ndani ya handaki, mtunza alama aliinua kibao mwishoni mwa fito kuonyesha risasi ilipogonga. Henry Fulton wa Marekani alilenga akiwa amelala chali, mtutu ukiegemea miguu yake. Ni mkao unaochekesha, lakini siku hiyo aliongoza wote kwa pointi 171.

Kwenye yadi 800 Wamarekani walimaliza na 326, Waairishi 317. Yadi 900, Ireland ikapata 312 dhidi ya 310. Na katikati ya mchezo ndipo lilipotokea lile ambalo kila mwandishi wa habari za Creedmoor tangu siku hiyo hawezi kuliacha. J. K. Milner wa Ireland alilenga vizuri, akafyatua vizuri, na risasi ikagonga jicho la shabaha. Tatizo ni kwamba haikuwa shabaha yake. Mabamba yalisimama yakifuatana, yanafanana kama mapacha, naye alikuwa amelenga la jirani. Kwa kanuni, risasi hiyo ni sifuri.

Yadi 1,000 Waairishi walipata 302 na kufunga hesabu yao kwa 931. Wamarekani walikuwa na 930, na amebaki mtu mmoja na risasi moja: Kanali John Bodine, mtu mzima miongoni mwa vijana, ambaye wenzake walimwita asiyeangusha. Jua lilikuwa kali. Muda mfupi kabla ya zamu yake alishika chupa ya bia ya tangawizi, chupa ikapasuka, na kioo kikamkata kiganja. Watu wakamsogelea na ushauri wa kila aina. Bodine akafunga leso kwenye mkono unaovuja damu, akajilaza kifudifudi, akakaa na lengo lake muda mrefu kuliko umati ulivyoweza kuvumilia, akafyatua. Kibao cheupe kikapanda kutoka handakini: jicho la shabaha, pointi nne. Marekani 934, Ireland 931.

Magazeti yalimbeba Bodine juu juu, na Marekani mpaka leo inakisimulia kisa hiki kama cha mkono wenye damu. Mimi nafuata hesabu. Pointi nne za Milner zingehesabiwa, Ireland ingeondoka na 935 na Bodine angebaki kuwa mtu aliyejikata na chupa. Ndiyo maana hoja kwamba Creedmoor ilithibitisha ubora wa bunduki ya kujaza nyuma inapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Katika pointi 1,080 zilizowezekana, gobore lilipitwa kwa tatu, na sababu ni jicho la mtu mmoja kuhama bamba. Lakini soko halisomi hesabu za namna hiyo. Ndani ya miaka michache bunduki za kushindilia zilikuwa zikiaga mashindano makubwa.

Leech alishindwa kwa heshima. Aliwakabidhi walenga shabaha wa Marekani jagi la fedha ambalo lilikuja kuitwa Kombe la Leech, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari yao, *Irish Riflemen in America*. Marudiano yalipigwa Dollymount, Dublin, Juni 1875, na safari hiyo hapakuwa na cha kulaumu bamba: Marekani 967, Ireland 929. Mwaka 1876 Scotland, Ireland, Australia na Kanada zilikuja Creedmoor, na shindano la Palma likazaliwa.

Mwairishi aliyepata pointi nyingi kuliko wenzake siku ile ya 1874, John Rigby mwenye 163, alikuja kuongoza kiwanda cha serikali ya Uingereza cha Enfield kuanzia 1887 hadi 1894, miaka ambayo jeshi lilichukua bunduki ya .303. Wazee wetu waliopitia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, waliijua namba hiyo vizuri. Bunduki ndogo ya .275 yenye jina la Rigby ndiyo W. D. M. Bell aliyoitumia kuulia ndovu wengi, yeye aliyepewa jina la Karamoja ya Uganda, na ndiyo aliyopewa zawadi Jim Corbett, mwindaji wa chui milia wa India ambaye kaburi lake liko Nyeri.

Uwanja wenyewe haukudumu. Gavana Alonzo Cornell, aliyeshika madaraka mwaka 1880, hakuona vita vyovyote mbele na hakuona kwa nini jimbo ligharimie watu kulenga mabamba. Mji ukasogea, na majirani wakalalamikia risasi zinazopotea. Mwaka 1890 chama kikairudishia serikali ardhi, na mashindano yakahamia Sea Girt, New Jersey, kisha Camp Perry, Ohio, mwaka 1907. Hospitali iliingia Creedmoor mwaka 1912; Woody Guthrie, mwimbaji, alifia humo mwaka 1967. Chama nacho, tangu mkutano wake wa Cincinnati wa 1977, kinajulikana kwa siasa za Washington kuliko kwa shabaha, na hilo ni deni kwa Wingate ambaye alitaka tu vijana wajue kulenga.

Jina limepata riziki kwingine. Mwaka 2007 kampuni ya Hornady ya Nebraska ilibuni risasi ya masafa marefu ikaiita 6.5 Creedmoor, na leo mwanachama mpya wa klabu ya bunduki Marekani ana uwezekano mkubwa wa kuipakia kabla hajasikia habari za Bodine, sembuse za Milner. Wajenzi wa nyumba 2,800 wangeweza kumtengea Milner jiwe la ukumbusho pale. Mimi ningeandika 935.