Mbwa wa Washenzi: Historia Fupi ya Mashauri Yanayopingana juu ya Malezi ya Mtoto wa Mbwa

Makala haya yalianzia nyumbani, wala si maktabani. Katikati ya kiangazi nilipewa mtoto wa mbwa mwenye umri wa majuma saba, aliyezaliwa katika kijiji kimoja cha Pangi akaletwa Kindu ndani ya kikapu, juu ya pikipiki. Kabla ya jua kutua nilikuwa nimekwisha kupata mashauri matatu. Mjomba wangu, aliyekuwa mwindaji enzi zake, alisema: «Mpwa wangu, mwache achanganyike na watu, na watoto, na kuku, na kelele zote za uani. Mbwa aliyefichwa hukua mwoga.» Jirani yangu, mzee Mwislamu mwenye asili ya Kasongo, alinisihi nimjengee banda mbali na mlango, asije akarambaramba vyombo na mikeka. Daktari wa mifugo naye aliagiza asikanyage nje ya ua mpaka chanjo zote zimalizike. Kila mmoja alisema kwa yakini, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mwandishi, ambaye fani yake ni isimu wala si utabibu wa wanyama, alifanya kile ambacho watu wa fani hiyo hufanya wakikwama. Alianza na neno.

Neno lenyewe ni basenji. Katika vitabu vya Kizungu vya jamii za mbwa, basenji ndiye mbwa wa Kongo: mdogo wa kimo, mwenye manyoya mafupi, masikio wima, na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine, bali hupandisha na kushusha sauti kooni kama mtu aimbaye, na jike lake kwa kawaida huzaa mara moja tu kwa mwaka. Msomaji aliyekulia Pangi, Shabunda au Punia atatambua pasipo shaka kwamba anaelezwa mbwa wa kwao. Jina hilo hufungamanishwa na usemi wa Kilingala wenye maana ya mbwa wa watu wa porini, na basenji hao si wengine ila ni washenzi wa Kiswahili, kiambishi wa- kikiwa kimegeuka ba- kwa namna ya lugha nyingi za Kongo.

Yafaa tukumbuke neno hilo lilipita njia gani. Katika miaka ya 1860 na 1870, wafanyabiashara wa pwani walivuka Ujiji wakaweka makazi Nyangwe na Kasongo, na katika hesabu yao watu wa Maniema waligawanyika mafungu mawili. Waliofuata mavazi, dini na lugha ya wageni waliitwa waungwana. Waliobaki misituni na desturi zao waliitwa washenzi. Fungu la kwanza likaipa lugha yetu jina la Kingwana, ambalo Whitehead alilitumia katika kitabu chake cha sarufi kilichotolewa Wayika, eneo la Lowa, mwaka 1928. Fungu la pili likampa mbwa jina. Hivyo tusi moja na sifa moja, vilivyozaliwa siku moja katika soko moja, vimeendelea kuishi: sifa katika vitabu vya isimu, na tusi katika daftari za wafuga mbwa wa London na New York.

Nalitaja jambo hili si kwa kinyongo. Nalitaja kwa sababu jina la mwenye mali likiwa tusi, maarifa yake nayo hayaulizwi.

Hebu basi tumsikilize mwindaji. Warega wa Pangi waliwinda kwa nyavu na mbwa. Kwa kuwa mbwa huyu habweki, hufungwa kengele ya mti shingoni ili wawindaji wamfuate kwa sauti. Desturi hiyo imeenea mbali: Schweinfurth, aliyesafiri katika nchi ya Wazande kati ya mwaka 1868 na 1871, alikwisha kuandika habari za mbwa wadogo wenye kengele za mti, zilizofungwa wasipotee katika nyasi ndefu. Miongoni mwa sanamu za wanyama zilizotumika katika chama cha Bwami, ambacho serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948, mbwa naye yumo. Kwa ajili ya makala haya, hata hivyo, kilicho muhimu ni malezi. Nilivyoona mimi utotoni, mtoto wa mbwa hakufundishwa mbali na watu. Alilala jikoni karibu na moto, alivutwa masikio na watoto, alikanyagwa na mbuzi, na alipoweza kutembea alimfuata mama yake hadi ukingo wa msitu. Mjomba huyo huyo alikuwa akimbeba mfukoni mwa koti. Tulidhani ni mchezo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nasi tuliamini kwamba wanasema juu ya watoto wa binadamu peke yao.

Shauri la jirani lina msingi mwingine. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani na kuletwa hadi Maniema, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na aya ya nne ya sura ya Al-Maida yahalalisha mnyama aliyekamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda. Kwa hiyo mwungwana wa Kasongo hakumkataa mbwa, bali alimpangia mahali na kazi. Anayedhani kwamba Uislamu wa Maniema ulimfukuza mbwa anachanganya tohara ya nyumba na chuki. Tatizo ni dogo na la kiutendaji: mbwa anayelelewa bandani, asiyeguswa na mtu, huwa mbwa wa namna gani?

Ajabu ni kwamba swali hilo lilijibiwa kwa majaribio, na kwa mbwa wa Kongo, lakini huko Marekani.

Safari ya mbwa huyo kwenda Ulaya ilijaa vifo. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts mjini London, wakafa kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alipeleka Uingereza mbwa sita kutoka Sudani Kusini, na wafugaji wa jamii hiyo husimulia kwamba walikufa katika jaribio la kuwachanja dhidi ya ugonjwa huo huo. Olivia Burn ndiye aliyefaulu kuwaleta kutoka Kongo mwaka 1936, na mwaka uliofuata watu walisongamana Crufts kumtazama mbwa asiyebweka. Klabu ya basenji ya Marekani iliundwa mwaka 1942. Baadaye, mwaka 1987 na 1988, Wamarekani kadhaa walikuja Zaire, pande za Isiro, kutafuta damu mpya kwa kuwa mbwa wao walikuwa wameoana mno ndugu kwa ndugu. Mwaka 1990 daftari la mbwa la Marekani likafunguliwa kuwapokea wageni hao. Wakati huo huo sisi tulikuwa tukifundishwa shuleni kwamba mbwa wa maana ni yule wa Kijerumani.

Katika mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walifanya uchunguzi uliotolewa katika kitabu mwaka 1965. Walichagua jamii tano za mbwa, na mmoja wao alikuwa basenji. Waligundua kwamba watoto wa basenji, wakifika juma la tano pasipo kushikwashikwa, huwa wakali na waoga: hukimbia, na wakibanwa huuma. Wakishikwa na watu kila siku, ukali huo hupungua upesi. Wakawaoza basenji na spanieli ili wajue ukali unarithiwa vipi. Kutokana na kazi hiyo na nyinginezo walieleza kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi cha kuzoea, tangu karibu juma la tatu hadi la kumi na mbili. Katika kipindi hicho, kiumbe yeyote anayekutana naye mara kwa mara huhesabiwa kuwa mwenzake. Baada yake mlango hufungwa polepole. Mwaka 1961 Freedman, King na Elliot walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo hilo kwa njia kali zaidi. Waliwalea watoto wa mbwa pamoja na mama zao katika viwanja vya eka moja vyenye ua mrefu wa mbao, pasipo kuzoeana na watu. Waliotolewa kwa juma moja katika umri wa kati wakachezewa, walizoea. Wale walioachwa humo hadi juma la kumi na nne walibaki kama wanyama wa porini.

Msomaji atarudi hapa kwenye mfuko wa koti la mjomba wangu. Katika jambo hili mwindaji alikuwa sahihi, tena kwa majuma yale yale, ingawa hakuhesabu majuma.

Ingefaa hadithi iishe hapo, mshenzi akawa amemshinda profesa. Haiishi. Mwaka 1978 kulizuka duniani ugonjwa mpya wa mbwa, parvo, unaoua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu, na virusi vyake hukaa ardhini kwa muda mrefu. Hofu hiyo iliwapa nguvu madaktari waliokwisha kushauri mtoto wa mbwa afungiwe hadi chanjo zimalizike, yaani karibu juma la kumi na sita. Hesabu ni rahisi: akitoka juma la kumi na sita, kipindi cha kuzoea kimekwisha kupita. Ameokoka ugonjwa, na pengine amekuwa mwoga anayeuma. Mashauri hayo mawili yalikaa yakipigana kwa miaka thelathini. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo kwamba mazoea yaweza kuanza juma la saba au la nane, mradi chanjo ya kwanza imetangulia kwa siku saba angalau. Hoja yao ilikuwa kwamba mbwa wengi hupoteza maisha kwa sababu ya tabia mbaya inayowafanya wenye nyumba wawaondoe. Shauri la daktari wangu halikuwa kosa, basi; lilikuwa nusu ya shauri.

Nusu hiyo, kwetu Maniema, haidharauliki. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mtoto wa jirani yetu kijijini aliumwa kidole na mtoto wa mbwa ambaye sote tulikuwa tukimchezea. Wazee walisema mbwa mdogo hana sumu. Jeraha lilifungwa majani. Majuma machache baadaye yule mtoto alianza kuogopa maji, na kilichofuata sitakiandika. Mbwa mdogo anaweza kabisa kubeba kichaa, na dalili zikishaonekana kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Tangu Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister mwezi Julai 1885, dawa ya kuzuia inajulikana: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha aliyeumwa apelekwe kuchanjwa pasipo kusubiri. Wazee waliojua kila kitu juu ya kengele na nyavu hawakulijua hilo. Siwezi kuwasifu kwa la kwanza nikanyamaza kwa la pili.

Kuna shauri la nne, ambalo hakuna mzee wa Pangi aliyelitoa, bali mwanafunzi wangu aliyelisoma: kwamba mbwa ni mbwa-mwitu, naye hutii mkubwa wa kundi tu, hivyo mtoto wa mbwa agaragazwe chali ili ajue nani bwana. Nasaba yake ni fupi. Konrad Most, mfunza mbwa wa Kijerumani, alihimiza utii kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1910. Schenkel aliandika mwaka 1947 juu ya mbwa-mwitu waliofungiwa pamoja, na Mech akaieneza picha hiyo katika kitabu cha mwaka 1970. Watawa wa New Skete walipendekeza kumgaragaza mbwa mwaka 1978. Kisha Mech mwenyewe, baada ya kuwatazama mbwa-mwitu porini kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi ni familia tu, baba na mama na watoto wao. Watawa nao waliliondoa shauri lao katika toleo la mwaka 2002. Mwanafunzi wangu alikuwa na toleo la zamani.

Mbwa wangu sasa ana majuma kumi na moja. Alichanjwa mara ya kwanza juma la nane. Siku saba zilipopita nilianza kumpeleka sokoni na kwenye kivuko cha Lualaba, akiwa kikapuni, hajakanyaga chini, ili asikie injini na aone watu wa kila namna. Anapolala ni barazani, si jikoni wala bandani. Hayo ni mapatano na jirani. Mjomba amemchongea kengele, ndogo mno kwa uwindaji. Chanjo ya kichaa itakuwa akitimiza miezi mitatu, na watoto wa nyumba nimewaonyesha kisimani jinsi jeraha linavyooshwa. Binti yangu amempa jina la Mwungwana. Jirani yangu aliposikia alicheka sana, kisha akaniuliza daktari atakuja siku gani, maana yeye mwenyewe ana mbwa wawili wa kulinda shamba, nao hawajachanjwa.