Vita vya Vizibo: Kutoka kwa Mfalme wa Prussia Mpaka Geto Letu

Wiki hii sina umbea wa hosteli wala kilio cha bumu. Nataka tuongee historia, tena historia ya mchezo. Wale mnaopita getoni kwetu Jumamosi mmeshaona manila imetandazwa mezani, vizibo vya soda vimepangwa mistari, na watu wazima sita wamekunja sura kama wako kwenye chumba cha mtihani. Swali huwa lile lile: "Hivi hiyo ni drafti ya wapi?" Leo najibu kwa kirefu, maana jibu lenyewe linafika mpaka Kariakoo.

Kwanza niseme mchezo wenyewe ni nini. Ni vita vya mezani. Mnachora au mnatengeneza uwanja wenye milima, mito na barabara, mnaweka vikosi vidogo vidogo, kila upande una kamanda wake. Unapima kwa rula kikosi kinaweza kutembea umbali gani kwa zamu moja, unarusha dadu kujua risasi zimempata nani. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutumia sanamu ndogo za askari, za plastiki au madini, zimepakwa rangi mpaka vifungo vya koti vinaonekana. Sisi bei zake hatuziwezi bana, kwa hiyo tunatumia vizibo tulivyovipaka rangi ya kucha, na dadu tumezikopa kwenye Ludo ya mtoto wa mama mwenye nyumba.

Sasa ulianzia wapi? Watu wamecheza vita tangu zamani. Sataranji ni vita, na hata bao letu lina kuteka. Lakini kwenye bao hakuna mlima wala mvua, na kila mchezaji anaona kete zote. Vita vya kweli haviko hivyo.

Mwaka 1812 ofisa mmoja wa serikali ya Prussia, raia tu wala si mwanajeshi, aitwaye Georg Leopold von Reisswitz, alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III meza maalumu yenye droo. Ndani ya droo kulikuwa na vipande vya ardhi vya kupanga upendavyo: kilima hapa, mto pale, kijiji kule. Kumbuka Prussia ilikuwa imetoka kuchapwa vibaya na Napoleon mwaka 1806, kwa hiyo watu walikuwa na hamu kweli ya kujua namna ya kushinda.

Aliyeufanya mchezo uwe kazi hasa ni mwanawe, luteni wa kikosi cha mizinga. Mwaka 1824 alitoa kanuni mpya. Akaacha meza ya mfalme, akatumia ramani za kweli za kipimo cha 1:8000, yaani kilomita moja ya ardhini inakuwa sentimita 12 na nusu mezani. Kila zamu ilikuwa sawa na dakika mbili za vita. Dadu na majedwali viliamua hasara. Halafu akaleta kitu ambacho kwangu ndicho cha maana kuliko vyote: refa. Wachezaji hawakuwa wanaona kila kitu. Kila kamanda aliandika amri zake kwenye karatasi, akampa refa, na refa ndiye aliyeweka mezani vile tu ambavyo adui angeweza kuviona. Kama kikosi chako kiko nyuma ya kilima, mwenzako hana habari.

Luteni alionyesha mchezo wake mbele ya Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi. Inasemekana mzee alianza kwa kuboreka, akaishia kusisimka na kutangaza kwamba hilo si jambo la kuchezea tu, ni shule ya vita, na jeshi zima lijifunze. Vikosi vikagawiwa. Luteni mwenyewe hakufaidi sana. Mwaka 1827 alijiua. Mchezo wake ukabaki, na Prussia ilipoipiga Ufaransa mwaka 1870 na 1871, majeshi mengine yakaanza kuuchungulia na kuuiga.

Huo ulikuwa mchezo wa kazini. Wa kujifurahisha una baba yake pia, naye mnamjua kwa mambo mengine: H. G. Wells, yule mwandishi wa hadithi za watu wa sayari ya Mars. Mwaka 1913 alitoa kitabu kinaitwa Little Wars, kanuni za kucheza na wanasesere wa askari sakafuni. Nyumba za mbao, mzinga mdogo wa springi unaorusha kijiti, wageni wazima wamelala kifudifudi kwenye zulia. Cha ajabu, Wells aliandika pale pale kwamba vita vikubwa ni upuuzi, na kwamba ukicheza vita vidogo mara tatu nne unagundua jinsi vile vikubwa vitakavyovurugika. Kitabu kilitoka 1913, na Agosti 1914 vita vikubwa vikaanza.

Baada ya hapo mchezo ulitulia, ukaja kushika kasi miaka ya 1950 na 1960. Mmarekani Jack Scruby alianzisha jarida la wachezaji mwaka 1957, na Mwingereza Donald Featherstone akatoa kitabu chake cha kanuni mwaka 1962. Mwaka 1971, kule Lake Geneva, Wisconsin, Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za vita vya zama za kati zinaitwa Chainmail, mwishoni wakaongeza majoka na wachawi. Kutoka humo, mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson wakatoa Dungeons & Dragons. Halafu Waingereza wakaja na Warhammer mwaka 1983. Kampuni inayoutengeneza, Games Workshop ya Nottingham, mwishoni mwa 2024 iliingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Kwa wanasesere! Aisee, sisi tuendelee tu kusoma.

Haya, turudi nyumbani. Sisi getoni hatuchezi majoka. Mshkaji wetu mmoja ni mwenyeji wa Tanga, naye ndiye aliyeleta hoja kwamba kama tunacheza vita, tucheze vya kwao. Basi tukacheza Tanga, Novemba 1914.

Kwa wasioikumbuka: tarehe 2 Novemba Waingereza walifika na meli zao wakiwa na wanajeshi kama 8,000, chini ya Meja Jenerali Aitken. Nawaita Waingereza, lakini wengi wao walikuwa Wahindi waliotoka kwenye safari ndefu ya baharini. Upande wa Wajerumani alikuwepo Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Lettow alikuwa amepita kwenye chuo cha kijeshi cha Berlin na makao makuu ya jeshi, huko huko ambako mchezo wa Reisswitz ulikuwa sehemu ya mafunzo ya maofisa. Kabla ya kushambulia, kapteni wa meli ya kivita Fox aliingia bandarini kuarifu kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamekwisha. Yaani unabisha hodi kwa mtu unayetaka kumpiga! Lettow akapata muda wa kuleta watu kwa treni kutoka Moshi.

Shambulio kubwa lilikuwa tarehe 4. Kwenye vichaka na mashamba kulikuwa na mizinga ya nyuki, na risasi ziliwachokoza. Nyuki hawakuuliza nani Mjerumani nani Mwingereza, ila waliowapata vibaya zaidi ni kikosi kimoja cha Wahindi, ambacho kilivunjika kabisa. Tarehe 5 Waingereza walipanda meli wakaondoka. Walikuwa wamepoteza watu zaidi ya 800 kwa hesabu ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na waliacha ufukweni bunduki kwa mamia na risasi malaki, ambazo Lettow alizitumia miaka iliyofuata.

Mezani inanoga sana. Tuliweka kanuni ya nyuki: ukipita shambani na refa akapata sita, kikosi chako kinakimbia sentimita 20 bila kuuliza. Refa wetu ni dada mmoja wa Sheria, hana upendeleo hata kwa hongo ya chipsi. Tumeicheza Tanga mara tatu, na mara mbili Waingereza wameshinda, kwa sababu mchezaji wetu hakubisha hodi.

Tatizo lilikuja tulipotaka kuendelea na vita vilivyofuata, vya 1916 na 1917, Wajerumani walipokwisha kupoteza reli zote mbili, ile ya Usambara na ile ya Kati, na mapigano yakahamia Rufiji na kusini. Tukapanga vizibo kama kawaida. Refa akaangalia meza, akauliza, "Hawa watu wanakula nini?"

Kimya.

Akaendelea: "Treni hakuna. Farasi na ng'ombe wamekufa kwa mbung'o. Hizo risasi na huo unga vimefikaje hapo?"

Jibu kila mtu alilijua, ila hakuna aliyeliweka mezani. Vilifika kichwani. Kwa watu.

Tukakaa chini tukafanya hesabu. Chukua mpagazi mmoja, mpe mzigo wa kilo 25 za unga. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Ukimtuma mwendo wa siku kumi kwenda na kumi kurudi, atakula kilo 20 njiani. Anayemfikia askari ni kilo tano! Ukitaka kulisha kikosi kimoja mbele, unahitaji umati nyuma, na umati huo nao unahitaji umati mwingine wa kuulisha. Tukaanza kuweka vizibo vya wapagazi, visivyopakwa rangi. Vikaisha. Tukaenda kuomba vingine kwa mangi. Mwishoni meza ilijaa vizibo vitupu, na wale askari wa rangi ya kucha ukawa unawatafuta.

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Upande wa Waingereza peke yao, wapagazi walioandikishwa kwa miaka yote ya vita wanakadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa wanakaribia 100,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu ya wapagazi haikutunzwa ya kueleweka. Lettow alisalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akarudi kwao akapokewa kama shujaa. Waliombebea mizigo walirudi kwa miguu, waliokuwa na miguu ya kurudia.

Hapo ndipo kijana wetu wa mwaka wa kwanza, ambaye huwa haongei, akasema kwamba baba wa babu yake alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua. Kilichobaki ni jina, nalo amepewa yeye. Akachukua kizibo kimoja kisicho na rangi akakisogeza kidogo mezani, akasema, "Basi huyu ni sisi." Hakuna aliyecheka.

Nimefikiria sana tangu siku ile. Kanuni za mchezo zinaonekana ni mambo ya rula na dadu, kumbe ni mtu anasema vita ni nini na nani anahesabika. Michezo mingi ya kujifurahisha inampa pointi anayebeba bunduki. Anayebeba unga hana pointi, kwa hiyo hayupo. Na sidhani ni wachezaji peke yao. Angalia mnara wa Askari hapa Dar, uliowekwa mwaka 1927: amesimama askari mmoja na bunduki yake. Mnara wa Nairobi wa miaka hiyo hiyo una watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hapa kwetu mpagazi hana sanamu, ana soko. Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi, kwa matamshi yetu. Tunaenda kununua viatu na simu kwenye jina lao, tukibanana na vijana wanaobeba viroba kichwani, na wengi hatujui.

Kuna watakaosema tunaharibu raha, mchezo ni mchezo. Mimi naona umekuwa mtamu zaidi. Zamani ukitaka kushambulia unasogeza tu. Sasa kamanda anakaa dakika tano nzima anajiuliza kama kilima kile kinastahili wapagazi 40, maana kwenye kanuni zetu refa anarushia dadu kila kundi la wapagazi kila zamu, na kila moja ikitoka anaondoa vizibo na kuvihesabu kwa sauti. Mshkaji wa Tanga, ambaye alikuwa anashambulia kama kichaa, Jumamosi iliyopita alirudisha kikosi chake nyuma bila kufyatua risasi hata moja. Tulimtania, lakini wote tulielewa.

Kanuni zetu tumeziandika kwenye kidaftari, kurasa nne tu. Anayetaka kuzinakili aje nazo kalamu na karatasi. Na kama kwenu kuna mzee mwenye habari za babu aliyechukuliwa kubeba mizigo, muulize jina lake leo, usingoje likizo. Tumeamua kila kundi la wapagazi mezani liwe na jina la mtu wa kweli, na mpaka sasa tunalo moja.

Haya wadau, ngoja nikadese, Jumatatu kuna test na notsi bado mbichi. Wikiendi njema, na mkija Jumamosi njooni na vizibo.