Ramani ya tovuti

Ramani ya tovuti ni faili linaloorodhesha anwani za kurasa za tovuti fulani ili injini za utafutaji, kama vile Google na Bing, ziweze kuzijua. Kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya XML na kuwekwa kwenye seva kwa jina la sitemap.xml. Haikusudiwi kusomwa na watu bali na roboti, yaani programu zinazopita mtandaoni, kusoma kurasa na kuziingiza katika faharasa ya injini husika.

Jina hilohilo hutumika pia kwa ukurasa wa kawaida unaowaonyesha wageni viungo vya sehemu zote za tovuti. Makala hii inahusu faili la XML.

Sababu ya kuwepo kwake

Roboti hugundua ukurasa mpya hasa kwa kufuata kiungo kutoka ukurasa mwingine inaoujua tayari. Ukurasa usio na kiungo chochote kinachoelekea kwake huitwa ukurasa yatima, na unaweza kukaa muda mrefu bila kugunduliwa hata kama una habari muhimu.

Tovuti za halmashauri nchini Tanzania zinaonyesha vizuri tatizo hili. Katika Mkoa wa Mtwara, Halmashauri ya Wilaya ya Newala, ambamo imo kata ya Kitangari, na Halmashauri ya Mji Newala kila moja ina tovuti yake chini ya kikoa cha go.tz. Tovuti za aina hii huweka matangazo machache ya karibuni kwenye ukurasa wa mwanzo; jipya likiingia, la zamani husukumwa ndani. Tovuti za nje zinazoweka kiungo kwenda kwenye tangazo la kata moja ni chache sana. Hivyo tangazo la nafasi za kazi linaweza kupitwa na siku ya mwisho ya maombi kabla roboti haijalifikia.

Kwenye uwanda wa Makonde jambo hili lina uzito zaidi wakati wa msimu wa korosho, ambao minada yake kwa kawaida huanza Oktoba. Bei iliyopatikana katika mnada wa chama kikuu cha ushirika TANECU, kinachohudumia Newala na Tandahimba, ni habari ya siku chache tu. Mkulima wa Kitangari anayeitafuta kwa simu akaletewa bei ya msimu uliopita hajasaidiwa, na anaweza hata kupotoshwa.

Historia

Google ilianzisha utaratibu huu Juni 2005. Novemba 2006 Yahoo na Microsoft zilikubali kuutumia, na tangu hapo faili moja limetosha kwa injini zote kubwa. Mwaka 2007 iliongezwa njia ya kutaja ramani ndani ya faili la robots.txt, na mwaka huohuo majimbo manne ya Marekani (Arizona, California, Utah na Virginia) yalitangaza kwamba yangeutumia kwenye tovuti za serikali zao. Sababu ilifanana na ile ya halmashauri: kurasa nyingi za huduma zilikuwa ndani ya hifadhidata ambazo roboti hazikuweza kuzifikia kwa viungo vya kawaida.

Muundo

Faili huandikwa kwa usimbaji wa UTF-8. Tagi ya nje kabisa ni urlset. Ndani yake kila ukurasa hupewa tagi ya url, na ndani ya hiyo kuna loc, yenye anwani kamili ya ukurasa, kwa mfano https://mfano.go.tz/habari/mnada-wa-korosho. Hiyo loc ni ya lazima.

Tagi ya lastmod, yenye tarehe ya badiliko la mwisho (2024-10-12, kwa mfano), si ya lazima lakini ndiyo yenye manufaa kuliko nyingine zote za hiari. Google huitumia ikiwa imeonekana kuwa ya kweli. Baadhi ya mifumo hubadilisha tarehe za kurasa zote kila siku hata pasipo badiliko lolote. Matokeo yake ni kwamba injini huacha kuziamini, na tangazo jipya la kweli halitofautiki tena na kurasa za zamani. Kuna pia changefreq na priority, ambazo wengi huzijaza kwa uangalifu mkubwa, ingawa Google huzipuuza zote mbili.

Faili moja haliruhusiwi kuzidi anwani 50,000 wala ukubwa wa MB 50 kabla ya kubanwa. Tovuti kubwa zaidi hugawa orodha katika mafaili kadhaa na kuyataja katika faili la faharasa. Halmashauri ya wilaya haitarajiwi kufikia kiwango hicho.

Kuiweka

Tovuti zinazotumia WordPress hupata ramani bila kazi ya ziada tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020. Hupatikana kwa jina la wp-sitemap.xml. Kwa mifumo mingine huandikwa programu fupi inayosoma hifadhidata na kutoa orodha upya kila ukurasa unapoongezwa. Kuiandika kwa mkono kunawezekana kwa tovuti ya kurasa kumi au ishirini, lakini orodha ya namna hiyo husahaulika upesi.

Faili huwekwa kwenye folda kuu ya tovuti, kwa sababu likiwekwa ndani ya folda nyingine kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kurasa za folda hiyo tu. Kisha mstari mmoja huongezwa katika robots.txt:

Sitemap: https://mfano.go.tz/sitemap.xml

Mwenye tovuti anaweza pia kuiwasilisha kupitia Google Search Console au Bing Webmaster Tools baada ya kuthibitisha kwamba tovuti ni yake. Huko huonyeshwa makosa yaliyopatikana, na hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii. Njia ya zamani ya kuiarifu Google kwa kufungua anwani maalumu ilitangazwa kusitishwa mwaka 2023.

Anwani zilizofutwa, zinazoelekeza kwingine au zilizozuiwa zisiingie katika faharasa hazifai kuorodheshwa. Tena, ramani iko wazi kwa kila mtu: hati yenye majina na namba za simu za wananchi ikiingia humo, imetangazwa.

Mipaka

Kuorodheshwa si ahadi ya kuingizwa katika faharasa, wala hakupandishi ukurasa katika matokeo. Tovuti ndogo ambayo kurasa zake zote zimeunganishwa vizuri inaweza kufanya kazi bila ramani kabisa.

Ramani haitatui pia tatizo la majina. Kitangari huandikwa pia Kitangali, hata katika jina la chuo cha ualimu kilichopo huko, na atafutaye kwa tahajia moja anaweza kuikosa hati iliyotumia nyingine. Hilo hurekebishwa kwa kutaja tahajia zote mbili ndani ya ukurasa wenyewe.