Kamusi za Kompyuta na Uhaba wa Nafasi

Neno kamusi limepata maana ya pili katika lugha za kompyuta. Huko ni orodha iunganishayo kila ufunguo na thamani yake, mathalan jina la mtu na umri wake, nacho kitafutwacho hupatikana bila ya kupekua orodha nzima.

Msingi wa ustadi huo waonekana katika waraka alioandika Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM mnamo Januari 1953. Ufunguo hugeuzwa kuwa namba, iitwayo heshi, na namba hiyo huonyesha shubaka la kuuwekea. Katika namna moja iliyoenea, baadhi ya mashubaka huachwa matupu kwa makusudi, kwani yakikaribia kujaa, funguo hugongana na utafutaji hukawia. Wepesi huo basi una gharama, nayo ni nafasi.

Gharama hiyo ilidhihirika katika Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991. Humo kamusi hutumika kila mahali, hata sifa za vitu huhifadhiwa ndani yake. Kwa hiyo hasara ndogo ya kamusi moja hurudiwa mara maelfu. Katika mashine za biti 64, kila shubaka lilichukua baiti 24, liwe na kitu au tupu. Kamusi ya mashubaka 8 ilichukua baiti 192, ingawa haikuruhusiwa kubeba zaidi ya vitu 5.

Mnamo Desemba 2012 Raymond Hettinger alipendekeza mambo mawili yatengwe: vitu vipangwe mfululizo bila pengo, na mashubaka yabaki faharasa tu, kila moja baiti 1 kwa kamusi ndogo. Baiti 192 zikawa 128. PyPy iliufuata mpango huo mwaka 2015, na Python 3.6 mwaka 2016. Matumizi ya kumbukumbu yakapungua kwa asilimia 20 hadi 25.

Walakini kulizuka jambo lisilokuwa shabaha ya mwanzo: vitu vilidumu katika utaratibu wa kuingizwa kwake. Wenye lugha walionya kwanza kwamba utaratibu huo usitegemewe. Lakini katika Python 3.7, mwaka 2018, ukawa kanuni. Hivyo kilichoanza kama njia ya kubana nafasi kikageuka sehemu ya sarufi, na kila atakayeijenga upya kamusi hiyo hana budi kuiheshimu.