Neno Hutangulia Rungu: Historia ya Mahali Hapa Dzaleka



Katika toleo hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, sisi walimu tumeona vema tukumbushane historia ya ardhi hii tunayolala juu yake. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kabla ya hapo, katika utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Hata jina lake, kwa Kichewa, watu hulifasiri kuwa "sitarudia tena". Miongoni mwa waliofungwa hapa walikuwamo watu ambao kosa lao lilikuwa ni dini yao, yaani Mashahidi wa Yehova.

Wengi wetu si wa dhehebu hilo, na wengine hatukubaliani kabisa na mafundisho yake. Ndiyo sababu tumeichagua historia hii. Kumtetea wa dini yako ni jambo jepesi.

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964, na mwaka 1966 ikawa jamhuri yenye chama kimoja tu, Malawi Congress Party. Nguzo za chama zilikuwa nne: Umoja, Uaminifu, Utii na Nidhamu. Kila mwananchi alitarajiwa kununua kadi ya chama. Mashahidi wa Yehova, kwa imani yao, hawajiungi na chama chochote cha siasa, kwa hiyo walikataa kadi. Hapo ndipo maneno yalipopata nguvu. Waliitwa wasaliti na maadui wa taifa. Walituhumiwa kwamba hawalipi kodi, ingawa wenyewe walikana na mafundisho yao yanawaagiza kulipa. Lakini tuhuma ikisemwa jukwaani na mkubwa, nani atadai ushahidi?

Mwezi Oktoba 1967 serikali iliwapiga marufuku. Mwezi Septemba 1972 mkutano mkuu wa mwaka wa chama ukapitisha maazimio kwamba wafukuzwe kazini, biashara zao zizuiwe, na waondolewe vijijini. Tena chama kiliiomba serikali iwape ulinzi wanachama watakaowashughulikia. Tulitazame neno hilo, "kuwashughulikia". Halitaji fimbo wala moto, lakini vijana wa chama walilielewa. Watu walipigwa, nyumba zikachomwa, wanawake wakabakwa, na wengine wakauawa.

Zaidi ya watu 20,000 walikimbilia nchi jirani. Wengi waliwekwa katika kambi ya Sinda Misale, Zambia, ambako watoto wengi walifariki kwa maji machafu. Mwezi Desemba 1972 wakarudishwa Malawi. Mateso yalipoanza upya, maelfu walikimbilia Msumbiji na kuishi makambini hadi mwaka 1975, wakarudishwa tena, na wengi wakatiwa gerezani. Sisi tuliovuka mipaka zaidi ya mmoja hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Wakati huo makanisa makubwa, yaliyokuwa na waumini wengi na heshima kwa watu, kwa sehemu kubwa yalinyamaza. Sauti kubwa ilisikika tarehe 8 Machi 1992, pale maaskofu wa Kikatoliki walipotoa barua ya kichungaji iliyokosoa utawala hadharani. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na mwezi Agosti mwaka huo marufuku ikaondolewa. Kutoka 1967 hadi 1993 ni karibu miaka 26. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa marufuku alikuwa tayari mtu mzima.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wamalawi peke yao. Kule Zaire, Mobutu aliwapiga marufuku waumini hao hao mwezi Machi 1986. Wala si ya dhehebu moja tu. Leo anaweza kusemwa Mwislamu, kesho Mlokole, keshokutwa Mkimbangu.

Sheria ipo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966, katika ibara ya 20 unazitaka nchi zikataze kwa sheria uchochezi wa chuki za kidini. Malawi ilijiunga nao mwaka 1993. Lakini sheria hufika imechelewa, na jirani yupo tangu asubuhi. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tutofautishe hoja na chuki. Kusema "fundisho lile si sahihi" ni hoja. Kusema "watu wale ndio wanaotuletea balaa, waondoke" ni uchochezi.

Pili, habari mbaya juu ya dini ya watu wengine tuiulizie: nani ameona, lini, wapi? Uvumi wa kwenye bomba la maji au foleni ya mgao ukikosa majibu, uishie hapo hapo.

Tatu, wachungaji, mapadri na masheikh wawe wa kwanza kukemea matusi yanayotoka kwa waumini wao wenyewe dhidi ya wengine. Sauti ya anayetukanwa peke yake haitoshi.

Nne, sisi walimu tusikubali mtoto aitwe kwa dini yake kama kwamba ni jina la aibu. Darasani ndipo majina hayo huzoeleka.

Kambi hii ilitengwa kwa watu wapatao 10,000, na leo tumezidi 50,000. Tumebanana, na chakula hakitoshi. Penye shida watu hutafuta wa kumlaumu, na mara nyingi huanza na walio wachache. Tukilinyamazia neno la kwanza, tutashindwa kulizuia rungu.