Nembo za pamba: Zinathibitisha nini kuhusu nguo na mkulima?

MANENO “pamba asilimia 100” kwenye lebo ya shati hayana maana kwamba pamba hiyo ilikuzwa bila kemikali. Yanaeleza tu kuwa kitambaa hakikuchanganywa na nyuzi nyingine kama polista. Wala hayasemi lolote kuhusu malipo ya mkulima aliyeipanda au ya mshonaji aliyeishona. Maswali hayo hujibiwa na nembo nyingine, na kila nembo hujibu swali lake.

Kwa wakazi wa Mwiki, katika Kaunti ya Kiambu, suala hili haliko mbali. Mtaa huo umo Ruiru, na Ruiru pamoja na Thika ni miji yenye viwanda vya nyuzi na vitambaa, kikiwemo Thika Cloth Mills. Nguo mpya na mitumba inayouzwa sokoni pia huja na nembo za kila namna.

Kilimo-hai

Pamba ya kilimo-hai hukuzwa bila mbolea za viwandani, bila viuatilifu vya kemikali na bila mbegu zilizobadilishwa jeni. Shamba lililokuwa likitumia kemikali hupitia kipindi cha mpito cha miaka miwili hadi mitatu, kulingana na soko linalolengwa, kabla ya mazao yake kutambuliwa.

Nembo inayojulikana zaidi kwa nguo za aina hii ni GOTS, ambayo kanuni zake zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Nguo inayoitwa ya kilimo-hai chini ya kanuni hizo lazima iwe na angalau asilimia 95 ya nyuzi zilizothibitishwa. Yenye asilimia 70 au zaidi huruhusiwa kusema tu kwamba imetengenezwa kwa nyuzi za kilimo-hai. Ukaguzi hauishii shambani, bali hufuata pamba hadi kwenye usokotaji, ufumaji, utiaji rangi na ushonaji. Kanuni hizo pia hukataza ajira ya watoto na kazi ya kulazimishwa viwandani.

Biashara ya haki

Nembo ya Fairtrade hushughulikia kwanza malipo ya mkulima. Huweka bei ya chini ambayo mnunuzi hapaswi kushuka chini yake, na juu ya bei hiyo huongezwa fedha ambazo wakulima wenyewe huamua kuzitumia kwa shule, maji au mahitaji mengine ya jamii. Nembo hii hailazimishi kilimo-hai, ingawa hupiga marufuku mbegu zilizobadilishwa jeni.

Kwa miaka mingi, nembo ya Fairtrade kwenye nguo ilihusu pamba peke yake. Mshonaji aliyeishona hakuguswa na ahadi hiyo ya bei. Kanuni za kuwalinda wafanyakazi wa viwanda vya nguo, pamoja na lengo la ujira unaotosheleza maisha, ziliongezwa mwaka 2016.

Nembo nyingine mbili huwachanganya wanunuzi. OEKO-TEX Standard 100, iliyoanza mwaka 1992, huthibitisha kwamba bidhaa imepimwa dhidi ya kemikali zenye madhara kwa mvaaji, lakini haielezi jinsi pamba ilivyolimwa. Cotton made in Africa, iliyoanzishwa mwaka 2005, hufadhili mafunzo kwa wakulima wadogo, lakini katika kanuni zake za kawaida huruhusu baadhi ya viuatilifu na haihakikishi bei.

Nani anashika cheti?

Mkulima mdogo hawezi kumudu gharama za mkaguzi peke yake. Kwa hiyo wakulima huthibitishwa kwa kikundi: wakaguzi wa ndani hutembelea kila shamba, kisha shirika la nje hukagua baadhi yao. Mara nyingi cheti humilikiwa na kampuni inayonunua pamba. Mkulima akiuza kwa mnunuzi mwingine, pamba yake huhesabiwa kuwa ya kawaida.

Katika wilaya ya Meatu, kaskazini mwa Tanzania, mradi wa bioRe wenye uhusiano na kampuni ya Remei ya Uswisi umekuwa ukinunua pamba ya kilimo-hai tangu mwaka 1994. Mwaka huo huo mradi kama huo ulianza katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda.

Yaliyotokea Lango yanaonyesha jinsi cheti kinavyoweza kuponyoka. Mwaka 2008, serikali ya Uganda ilinyunyiza DDT ndani ya nyumba katika wilaya za Apac na Oyam ili kupambana na malaria. Wakulima wengi huhifadhi mavuno ndani ya nyumba hizo hizo. Kampuni za mazao ya kilimo-hai zilikwenda mahakamani, zikihofia kupoteza masoko ya nje. Mkulima aliyefuata kanuni zote shambani alijikuta hatarini kwa jambo ambalo hakuliamua.

Nchini Kenya, Baraza la Mawaziri liliidhinisha kilimo cha pamba ya Bt mwezi Desemba 2019, na mbegu zikaanza kugawiwa wakulima mwaka 2020. Pamba hiyo hustahimili viwavi, lakini kwa kuwa imebadilishwa jeni haiwezi kupata nembo ya kilimo-hai wala ya Fairtrade. Anayetaka masoko hayo hana budi kutenganisha mbegu, mashamba, magunia na hata mitambo ya kuchambulia.

Kwa mnunuzi

Lebo halisi ya GOTS huonyesha kiwango cha nguo, shirika lililoithibitisha na nambari ya leseni, ambayo huweza kutafutwa katika orodha iliyo wazi kwenye intaneti. Maneno kama “asilia” au “rafiki wa mazingira” yasiyo na nambari wala shirika ni tangazo la muuzaji tu.

Kwa mitumba, nembo hueleza jinsi nguo ilivyotengenezwa ilipokuwa mpya. Bei ya mkulima ilikwisha kulipwa wakati pamba iliponunuliwa, na fedha zinazolipwa sokoni Mwiki hazimwongezei chochote.